Motokaa ya Zamani Ikisita Njiani

Wako watu katika Ukonga na vitongoji vya jirani ambao wangali wakitunza motokaa za zamani, yaani zile zilizotengenezwa kabla ya kompyuta kutiwa katika injini: Peugeot 404, Land Rover, Volkswagen, Morris na nyinginezo. Si ajabu motokaa hizi kupendwa. Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, ilijipatia sifa kubwa katika mashindano ya East African Safari. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, walishinda kwa motokaa ya namna hiyo mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Lakini chombo cha umri huo kina maradhi yake, na moja linalowasumbua sana wenyewe ni lile la kusita: dereva hukanyaga mafuta, na badala ya motokaa kuondoka kwa nguvu, injini hushikwa na kigugumizi, hukohoa, kisha huenda ikachukua au ikazimika kabisa.

Jambo hili si la kudharauliwa. Mtu atokaye katika njia ya mtaani na kuingia barabara ya Nyerere, ile iliyokuwa ikiitwa zamani barabara ya Pugu, huona nafasi baina ya magari, naye hukata shauri kuingia. Injini ikisita wakati huo, motokaa hubaki imekingama njiani mbele ya lori lenye shehena, wala lori halisimami mara moja.

Desturi ya wengi ni kumpelekea fundi, na fundi mwenye haraka hushika bisibisi akaanza kuzungusha skrubu za kabureta. Kwa maoni yetu hapo ndipo kazi inapoharibika. Skrubu zile hazijizungushi zenyewe usiku. Ikiwa motokaa ilikwenda vizuri jana na leo inasita, yafaa kutafuta kitu kilichochakaa, kilichoziba au kilichopasuka. Akiisha kuzizungusha bila kujua sababu, makosa huwa mawili mahali pa moja, na fundi atakayefuata hatajua lipi lilitangulia. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitu chochote, mwenye motokaa na ajiulize swali hili: injini husita wakati gani?

Tuseme husita pale pale mguu unapokanyaga, kisha ikiisha kupata mwendo huenda vizuri. Ili kufahamu sababu, yapasa kujua kazi ya kabureta. Injini ya petroli huhitaji yapata ratili 15 za hewa kwa kila ratili moja ya petroli. Dereva anapokanyaga kwa ghafula, kilango cha kabureta hufunguka na hewa, kwa kuwa ni nyepesi, huingia mara moja. Petroli ni nzito, nayo huchelewa. Kwa nukta moja injini hupewa hewa nyingi na chakula kidogo. Watengenezaji walilijua jambo hili, wakatia ndani ya kabureta pampu ndogo ambayo kila mguu unapokanyaga hurusha petroli kidogo kooni mwa kabureta ili kuziba upungufu ule. Pampu hiyo mara nyingi huwa na kiwambo chembamba cha mpira, na mpira huzeeka.

Kuijaribu ni kazi rahisi. Zima injini, uiache ipoe, ondoa chujio la hewa, kisha uchungulie kooni mwa kabureta huku mwenzako akikanyaga mafuta. Yafaa uone mchirizi wa petroli ukiruka mara tu kilango kinapoanza kufunguka. Usipouona, au ukitoka kwa kuchelewa na kudondoka tu, kiwambo kimepasuka au kitundu chake kimeziba. Wakati huo pasiwe na mtu mwenye sigara karibu, wala usichungulie huku injini inanguruma, maana injini inayosita huweza kutema moto kwa kupitia koo hilo hilo. Ama Morris Minor na nyingine zenye kabureta za SU hazina pampu ya namna hii. Zina bastola ndani ya kikombe chenye oili nyepesi, na oili hiyo ikiisha motokaa husita vivyo hivyo. Tumesikia ya watu walionunua kabureta nzima kwa kukosa kijiko kimoja cha oili.

Pampu ikiwa njema, usiiandame kabureta zaidi. Tazama upande wa moto wa umeme. Ubavuni mwa distribyuta pana kopo dogo lenye mpira mwembamba wa kuvuta hewa. Kazi yake ni kuuwahisha moto wa plagi kadiri injini inavyohitaji. Chomoa mpira huo upande wa kabureta, uvute pumzi kwa mdomo: ukisikia sahani iliyomo katika distribyuta ikisogea, na ukiziba kwa ulimi ikabaki pale ilipo, kopo ni zima. Ukivuta hewa bila kukoma, kiwambo kimetoboka. Kisha fungua kifuniko utazame kontakti pointi, vile vijichuma viwili vinavyokutana na kuachana. Vikiwa vimeungua na kufanya mashimo, au nafasi yao haiko sawa, cheche hudhoofika. Katika motokaa nyingi za aina hizi nafasi hiyo ni karibu 0.4 mm, lakini kitabu cha motokaa yenyewe ndicho cha kufuatwa. Mafundi wa kale walikuwa na mzaha wao kwamba maradhi mengi ya kabureta hutoka katika distribyuta, na mzaha huo una kweli nyingi kuliko bei ya kabureta mpya.

Ikiwa injini huondoka vizuri, walakini hulegea baada ya kupanda kilima cha Pugu kwa muda, habari ni nyingine. Hapo injini inataka petroli nyingi kwa mfululizo, nayo haiipati. Kosa huwa katika chujio lililojaa kutu ya tangi, au pampu ya petroli iliyochoka, au hata kifuniko cha tangi ambacho kitundu chake cha hewa kimeziba. Hili la mwisho halina gharama: motokaa ikilegea, simama mahali pa salama, fungua kifuniko, na ukisikia tangi likivuta pumzi kwa nguvu, umekwisha pata jawabu.

Petroli yenyewe nayo yataka kushukiwa. Kwa miaka mingi wako wafanya biashara waliochanganya petroli na mafuta ya taa, hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili udanganyifu ujulikane. Dondosha tone katika karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi, bali iliyochanganywa huacha alama ya mafuta. Jaza nyingine katika chupa ya kioo uiache itulie. Maji yakiwamo yatakaa chini. Jambo hili hutokea sana wakati wa masika, hasa kwa wanaonunua petroli ya madumu.

Wengine hulalamika kwamba motokaa husita mchana tu, ikiwa imekaa katika msongamano kwa muda mrefu. Joto la injini huweza kugeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Lakini koili na kondensa pia huchoka zikipata joto, na dalili hufanana. Chomoa waya wa plagi moja mara injini inapozimika, tia plagi nyingine ndani yake na kuigusisha na chuma cha injini, mbali na petroli, mwenzako apige stata. Cheche ya samawati yenye nguvu huonyesha kwamba umeme ni mzima. Cheche nyekundu na hafifu, au kutokuwapo kabisa, huonyesha koili au kondensa.

Liko na jambo la valvu, nalo husahauliwa. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu katika injini za kale. Katika injini ambazo viti vyake ni laini, valvu huzama kidogo kidogo, nafasi yake hupungua, hatimaye haifungi sawasawa na silinda hupoteza nguvu. Katika Land Rover ya petroli yenye silinda nne za lita 2.25, nafasi hiyo ni 0.25 mm, nayo yafaa kupimwa kwa fila kabla ya safari ndefu.