Irabu za Jirani Garsen

Mzungumzaji wa Kiingereza anayejifunza Kireno hukwama mapema kwa babu na bibi. Avô ni babu, avó ni bibi. Kinachowatenganisha ni o ya mwisho: ya babu hutamkwa mdomo ukiwa umebana, ya bibi ukiwa umefunguka zaidi. Yeye husikia sauti moja, na akijaribu kuitamka huitilia u kwa nyuma. Akifika Lisbon hutatizika zaidi, maana wenyeji huidhoofisha irabu ya mwisho hata noite, yaani usiku, likasikika kama halina e.

Tusimcheke. Hapa Garsen, kwenye barabara ya Malindi na Lamu, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji hukutana sokoni, na sisi tuliokulia Kiswahili hukwama vivyo hivyo mbele ya Kiorma.

Kiorma ni tawi la Kioromo. Mwaka 1987 mwanaisimu Harry Stroomer alichapisha utafiti uliokilinganisha na Kiborana na Kiwaata, vyote vikizungumzwa Kenya. Irabu za Kioromo ni tano kama zetu, ila kila moja ina fupi yake na ndefu yake, na urefu hubadili maana: lafa ni ardhi, laafaa ni laini. Sisi huvuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho kwa sababu ya mkazo. Basi tukisikia irabu ndefu tunadhani ni mkazo tu, na maana inatupita.

Gumu zaidi ni irabu fupi ya mwisho, ambayo Waorma huinong'ona. Weka vidole viwili kooni useme "lafa": koo linatetema kwenye a zote mbili. Rudia, lakini a ya mwisho uitoe kwa pumzi tupu. Mtetemo haurudi baada ya f, lakini irabu ingalipo. Asiyezoea atasema neno limekatwa, kumbe limetamkwa zima.

Sikio hufundishika hata ukubwani. Mwalimu, muuguzi au karani anayehamishiwa Garsen amwombe mwenyeji arudie neno polepole, naye amtazame midomo, kisha ajaribu mwenyewe hadi asahihishwe. Kwa miaka mingi Mworma ndiye aliyebeba mzigo wa kujifunza Kiswahili ili aeleweke sokoni, zahanatini na ofisini. Ni haki nasi tujifunze kumsikia anaposema kikwao.