Wekundu wa Shaba Una Bei, Hatari Anabeba Mnunuzi

Katika soko la sarafu za kale nchini Marekani, senti mbili za shaba za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, ambazo hazijawahi kuingia mzungukoni, zinaweza kuuzwa kwa bei zilizoachana mbali. Kinachozitenganisha ni rangi. Iliyobaki na asilimia 95 au zaidi ya wekundu wake wa kiwandani huandikwa RD, iliyobaki na chini ya asilimia 5 ni BN, yaani kahawia, na zilizo katikati ni RB. Herufi hizo hufuata alama ya ubora katika kipimo cha 1 hadi 70, ambacho William Sheldon alikibuni mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba.

Chukua senti ya Lincoln ya 1909 iliyofuliwa San Francisco, yenye herufi V.D.B. za mchongaji Victor David Brenner. Zilitoka 484,000 tu kabla herufi hizo hazijaondolewa. Katika madaraja ya juu, iliyo nyekundu kamili huuzwa mara mbili au zaidi ya bei ya mwenzake wa kahawia. Nyongeza yote hiyo inalipia utando mwembamba wa juu, na utando huo hautulii.

Oksijeni huigeuza shaba kahawia taratibu. Salfa inayotoka kwenye bahasha na kadibodi duni huitia weusi. Unyevu wenye chumvi huzaa kutu ya kijani inayokula hadi ndani. Ila kinachowaumiza wafanyabiashara zaidi ni madoa. Ukiishika sarafu chini ya lenzi utaona kitone cheusi kama ncha ya sindano, mara nyingine kikiwa na duara la rangi tofauti pembeni. Huenda ni uchafu ulionasa kwenye shaba kabla ya kugongwa chapa. Huenda pia ni chembe ya mate ya mtu aliyezungumza huku ameinamia sarafu. Chembe hiyo haionekani siku ya mauzo. Hufanya kazi yake polepole, na doa hujitokeza baadaye sarafu ikiwa tayari ndani ya kasha la plastiki lililofungwa na kampuni ya kupima ubora.

Nani anabeba hasara hiyo? Hapo ndipo penye uzito wa biashara hii. PCGS, kampuni iliyoanza mwaka 1986 na kujijengea jina kwa kudhamini daraja inalolitoa, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2010 dhamana yake haitahusu tena mabadiliko ya rangi ya sarafu za shaba. Uamuzi huo ni wa haki, kwa sababu kampuni haiwezi kujua kasha litahifadhiwa kwenye sefu kavu au darini penye joto na unyevu. Lakini mnunuzi lazima auelewe vizuri: anayelipia RD ananunua kitu kinachoweza kupungua thamani bila kuguswa na mtu. Mwenye mtaji mdogo ningemshauri aanze na kahawia safi isiyo na doa. Mabadiliko yake makubwa yameshapita.

Uhifadhi nao umezaa soko lake: mifuko ya poliesta, makasha, vipakiti vya kunyonya unyevu. Adui mkubwa hapa ni mifuko laini ya PVC, ambayo huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Wauzaji wazoefu huuondoa kwa asetoni safi, bila kusugua. Doa jeusi halitoki hivyo. Anayelikwangua huacha shimo, na shaba iliyosafishwa kwa dawa kali hung'aa mng'ao ambao mpimaji huutambua mara moja.

Wengine wanaweka akiba mafungu ya senti mpya, hasa baada ya Marekani kufua za mwisho za matumizi ya kawaida tarehe 12 Novemba 2025. Wakumbuke kwamba tangu 1982 senti hiyo ni zinki iliyopakwa shaba asilimia 2.5 tu. Utando ukitoboka, zinki huoza na uso hufura malengelenge.

Weusi nao si kasoro kila mara. Kuanzia 1897 kiwanda cha sarafu cha Uingereza kilizitia weusi makusudi sarafu zake za robo peni, kwa sababu zikiwa mpya ziling'aa hata watu wakazichanganya na dhahabu ya nusu pauni. Ukiing'arisha sarafu hiyo, umeifuta kazi ya kiwanda.

Pwani yetu ina shaba yake: paisa za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, sarafu za Mombasa za 1888, na pesa za kampuni ya Wajerumani za 1890 hadi 1892. Hewa ya chumvi imezifanya nyekundu kamili kuwa adimu sana, na uadimu huo ndio unaowashawishi wenye nazo kuzisugua kwa ndimu na majivu kabla ya kumwonyesha mteja. Tafadhali msifanye hivyo. Mnunuzi anayejua kazi yake huitazama pesa ya Mjerumani kwenye manyoya ya tai aliyechorwa juu yake. Akikuta yamelainika na kujaa mikwaruzo, haitii tena katika bei za wakusanyaji. Anaipangia bei ya kumbukumbu ya mtalii, ilhali kama ingebaki na kahawia yake asingesita kuipandia dau.