Kifuniko cha Tangi la Fulu: Bawaba Ikikatika, Kioo Kingali Kizima

Fulu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, akifukuzwa na mwenzake ndani ya tangi la kioo, hana pa kukimbilia ila juu. Ziwani angejificha miambani au kwenye matete. Tangini huruka, na kifuniko kikiwa kimeachwa wazi, mwenyewe humkuta asubuhi amekauka nyuma ya kabati. Ndiyo sababu naona kwamba kitu kidogo kinachopuuzwa na wafugaji wengi wa samaki wa mapambo, yaani ule utepe wa plastiki unaounganisha vioo viwili vya kifuniko, kinastahili kuandikiwa. Utepe huo ukikatika, watu huanza kuondoa kioo cha mbele kila wanapolisha. Siku moja hakirudishwi.

Utepe wenyewe umeundwa kwa akili. Kingo zake mbili ni ngumu na zina mfereji wa kushika kioo cha milimita 4 au zaidi kidogo, na katikati kuna plastiki laini inayokunjika. Kioo cha nyuma hubaki mahali pake, cha mbele huinuliwa. Kinachokatika karibu kila mara ni ile sehemu laini ya katikati. Plastiki ya aina hiyo hulainishwa kwa mafuta maalumu kiwandani, na mafuta hayo hutoka polepole kadiri joto na mwanga vinavyoipiga. Taa ya tangi huiangazia kutoka juu saa nyingi kila siku, na mvuke huipanda kutoka chini. Homa Bay na Migori ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo tangi lililowekwa dirishani hupata jua kali mwaka mzima. Utepe hugeuka manjano, hukakamaa, kisha hupasuka kuanzia ncha moja.

Kuupata mwingine wa namna hiyo katika miji yetu ni taabu, maana maduka mengi ya vioo huuza vya madirisha, milango ya bafu na kabati za maonyesho. Hapo ndipo wengi hukosea njia. Kuna anayepaka gundi ya haraka, ile inayokauka kwa sekunde chache. Hiyo hushika upesi lakini haikunjiki, na kifuniko kinachoinuliwa kila siku kitaivunja upesi. Kuna mafundi watakaokushauri utoboe kioo na kutia bawaba za chuma kama za mlango wa kabati. Usikubali. Maji yanayojikusanya kama umande chini ya kifuniko hudondoka tangini, na kila tone huwa limepitia kwenye ile bawaba. Chuma kitashika kutu. Madini yaliyopakwa juu yake, na zaidi shaba nyekundu au ya manjano, ni sumu kwa samaki. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, na katika maji ya namna hiyo ukali wa shaba huzidi.

Kinachofaa tayari kiko kwenye rafu za fundi wa vioo: silikoni. Ndiyo hiyohiyo iliyounganisha kuta za tangi. Ikikauka huwa kama raba, hukunjika mara nyingi bila kuchoka, wala haijali maji. Ila kuna silikoni na silikoni. Ile inayouzwa kwa ajili ya bafu na jikoni mara nyingi imetiwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo haifai kukaa juu ya samaki. Soma chupa: tafuta ile iliyoandikwa kuwa ni silikoni tupu, asilimia 100, isiyo na dawa ya kuvu. Ile inayotumika sana kwenye matangi hunuka siki wakati wa kukauka, kwa sababu hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Lakini usiitegemee harufu peke yake, maana hata za bafu nyingine hunuka hivyo. Chupa ndiyo ya kusomwa.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja, na sehemu kubwa ni usafi. Vua utepe wa zamani, kisha kwangua mabaki yote kwa wembe. Ukoko mweupe unaoachwa na maji ya kisima hutoka kwa siki au ndimu. Halafu futa kingo kwa spiriti na uache zikauke kabisa, wala usiziguse tena kwa vidole, kwani mafuta ya mkono yanatosha kuizuia silikoni isishike. Kingo zilizokatwa vibaya zilainishe kwa msasa uliolowa maji. Vaa glavu. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita mraba, kwa hiyo hata kifuniko cha tangi la futi tatu si kitu cha kushika kwa mkono mmoja huku ukizungumza na simu.

Laza vioo viwili juu ya meza iliyo sawa, upande wa juu ukitazama dari, na uache nafasi kati yao inayolingana na unene wa kioo. Chini ya nafasi hiyo bandika tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, ili silikoni isipite. Juu, bandika tepu nyingine kwenye kila kioo, nusu sentimita hivi kutoka ukingoni. Sasa jaza nafasi hiyo kwa mkupuo mmoja bila kusimama, hadi silikoni ipande kidogo juu ya kingo zote mbili, kisha isawazishe kwa kadi kuukuu ya plastiki. Vuta tepu za juu wakati silikoni ingali mbichi. Ukichelewa, zitaondoka na ngozi yake.

Kisha subiri. Silikoni ya aina hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Ukiigusa baada ya saa moja utadhani imekauka, kumbe moyo wake bado ni uji. Mimi husema siku tatu, na nasisitiza hivyo kwa sababu bawaba iliyokunjwa mapema hupasuka ndani pasipoonekana.

Siku hizo tatu samaki wafunikwe na nini? Jibu la haraka katika nyumba nyingi za kwetu ni chandarua kikuukuu. Tafadhali usikitumie. Vyandarua vinavyogawiwa kuzuia malaria vimetiwa dawa ya jamii ya pyrethroid, ambayo ni sumu kali mno kwa samaki, na chandarua kilicholowa umande juu ya tangi kinaweza kuwaua wote usiku mmoja. Tandaza leso safi iliyosuuzwa vizuri na uifunge kwa mpira kuzunguka tangi. Itamzuia samaki, itamzuia paka, na itawazuia wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama wingu la moshi na kufuata kila taa iliyowashwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kujisumbua hivi kwa samaki ambaye ufuoni Mbita au Sori huonekana ni mdogo tu wa kukaangwa. Ziwa hili lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za fulu. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na takriban spishi 200 za fulu zikatoweka au zikadhaniwa zimetoweka. Uchafu wa maji nao ulichangia. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba maji yakiwa machafu, majike hushindwa kuona rangi za madume, spishi zikachanganyikana na tofauti zao zikafutika. Miaka ya 1990 majumba ya samaki ya Marekani na Ulaya yalikuwa yakizalisha fulu wa ziwa hili ndani ya vioo, na hadi leo kuna watu wa mbali wanaowafuga sebuleni.

Inaniuma kwamba mtoto wa Chicago ana nafasi ya kumwona jike wa fulu akiwatema vifaranga kutoka kinywani na kuwameza tena wakitishwa, ilhali mtoto wa Kendu Bay hamjui ila sahanini. Shule zetu za kando ya ziwa zinaweza kuwa na tangi. Anayetaka kuanza aulize kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti na kamati ya usimamizi wa ufuo wake (BMU), na kamwe asimwage samaki wala mimea ya tangi ziwani. Gugu maji lililoziba fuo za Homa Bay lilianza safari yake Afrika kama ua la mapambo.

Turudi kwenye kifuniko. Siku ya nne, bandua tepu ya chini na uinue kioo cha mbele taratibu. Kikikunjika sawasawa, suuza kifuniko kwa maji matupu bila sabuni na ukirudishe. Miaka ikipita na ncha zikianza kuachana, usipake silikoni mpya juu ya kuukuu, kwa sababu haitashikana nayo. Kata yote, kwangua, na uanze upya kwa wembe na spiriti.