Kwa nini mateja wapewe sindano na dawa bure? Tulijibu swali hili

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikwepa mpaka liingie nyumbani kwetu.

Nilikuwa msibani Magomeni, tumekaa kwenye jamvi, stori zikahamia kwa vijana wa unga. Mama mmoja akasema hivi: "Mama yangu mzazi ana presha, dawa ananunua. Hawa mateja wanapewa dawa bure kila siku ya Mungu, tena kuna watu wanawagawia na sindano. Yaani kosa la mama yangu ni kutokubwia unga?" Watu wakacheka, mazungumzo yakaenda kwingine. Mie sikucheka. Swali la yule mama ni zuri, na watu wanaotetea huduma hizi mara nyingi wanalijibu kwa lugha ya semina ambayo haimsaidii mtu. Hebu tujaribu kulijibu kwa Kiswahili cha mtaani.

Kwanza tuelewe mtu wa heroini anapitia nini, kwa sababu bila hapo hakuna kinachoeleweka. Anayebwia unga kila siku, baada ya muda mwili wake unaacha kufanya kazi vizuri bila huo unga. Saa sita mpaka kumi na mbili tangu kete ya mwisho inaanza arosto. Mafua, machozi, miayo, kuhara, kutapika, mifupa kama inapigwa nyundo, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Kufikia hatua hiyo kijana hatafuti tena raha. Anatafuta nafuu tu, aweze kusimama. Ndiyo maana atauza simu yake, kisha atauza yako. Sisemi ni sawa. Nasema tujue tunashughulika na kitu gani.

Sasa unga wenyewe umefikaje hapa? Zamani, miaka ya 1980 na 1990, heroini iliyokuwa inauzwa pwani ya kwetu ilikuwa ya kahawia, na watu waliivuta kwa moshi au kuichanganya na bangi. Kuelekea mwaka 2000 ikaingia nyeupe, inayeyuka kwenye maji bila shida. Hapo ndipo watu wengi wakahamia kwenye sindano. Mzigo unatoka Afghanistan, unapita pwani ya Iran na Pakistan, unashuka na majahazi. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja karibu na Mombasa. Jahazi moja tu! Hayo yaliyopita bila kuonekana hesabu mwenyewe.

Kuingia kwa sindano kulibadilisha kila kitu, maana na Virusi vya Ukimwi vikapata njia. Kuna kitu kimoja ambacho kila nikikifikiria kinanisumbua. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu tabia waliyoikuta hasa kwa wanawake. Mmoja akishajidunga, anavuta damu yake irudi kwenye bomba, kisha anampa mwenzake ambaye hana hela ya kete ajidunge ile damu, wakiamini ndani yake mmebaki unga wa kumtoa kwenye arosto. Soma tena hapo. Hawa si watu waliokuwa wanadhuriana makusudi. Walikuwa wanasaidiana, dada anamhurumia dada mwenzake. Na hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kumwambukiza mtu VVU na homa ya ini.

Haishangazi basi kwamba tafiti za miaka ile zilikuta zaidi ya mmoja kati ya watatu wanaojidunga Dar es Salaam wana VVU, na wanawake hali yao mbaya zaidi, wakati kwa watu wazima wote nchini ilikuwa karibu 5 kwa kila 100. Na mtu anayejidunga haishi kisiwani. Ana mke, ana mpenzi, ana watoto. Wanawake wengi wa kijiweni wanajiuza ili wapate hela ya kete, na wanunuzi wao wengine ni waume za watu wanaokaa na sisi kwenye jamvi la msiba.

Hapa ndipo linapokuja wazo la kupunguza madhara. Ni wazo jepesi kuliko jina lake. Kama mtu hawezi kuacha leo, basi angalau asife leo, na asiambukizwe wala kuambukiza. Kesho akiwa hai, tutazungumza habari ya kuacha. Marehemu hapelekwi soba hausi.

Wengi wanadhani mambo haya yamebuniwa na wazungu wa mashirika maofisini. Sivyo. Mwaka 1984 pale Amsterdam ni watumiaji wenyewe, waliokuwa na chama chao kikiitwa Junkiebond, ndio walioanzisha mpango wa kubadilishana sindano baada ya homa ya ini aina ya B kuwatafuna. Chama cha mateja, kwa lugha yetu. Wao ndio waliona wenzao wanakufa, na walijua nani anachangia sindano na nani, na saa ngapi. Serikali ikafuata nyuma.

Kwetu pia ukichunguza utakuta hivyo hivyo. Mwaka 2011 mwezi Februari Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara (Mauritius wao walishaanza 2006, lakini ni kisiwa). Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar mwaka 2015, kisha Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko. Daktari anakaa hospitali, lakini nani anamtoa mtu kijiweni hadi kwa daktari? Ni waelimishaji rika wa vikundi vya jamii, wengi wao waliowahi kutumia. Mgonjwa wa mwanzo hakuwa anaamka tu na kwenda Muhimbili. Alipitia kwanza kwenye kikundi, akahudhuria vikao, ndipo akapelekwa. Shirika la Médecins du Monde lilipofungua kituo chake Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kuanza kugawa sindano safi na kukusanya zilizotumika, nako waliokuwa wanazunguka maskani kwa maskani ni watu wanaofahamika pale. Baadaye kukawa na mtandao wa watumiaji wenyewe, TaNPUD. Wakenya nao wana wa kwao, KeNPUD, na kule Mombasa jumuiya ya Kiislamu ya MEWA inawapokea vijana hawa miaka nenda rudi. Nawataja MEWA makusudi, kwa sababu kuna wanaosema dini haikubaliani na mambo haya.

Methadoni yenyewe ni nini? Ni dawa ya maji, inanyweka mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Inakaa sehemu zilezile kwenye ubongo ambapo heroini inakaa, lakini inaingia polepole na inadumu zaidi ya saa 24. Dozi ikishapangwa vizuri mtu hapati stimu na hapati arosto. Anakunywa, anaondoka, anakwenda kutafuta riziki. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Na hapohapo dirishani ndipo anapopimwa VVU na kifua kikuu na kupewa dawa zake, mtu ambaye hapo kabla hata zahanati alikuwa haikanyagi.

Kwa nini haikanyagi? Hapa naomba niwe mkweli, maana yananihusu. Mtoto wa baba mdogo, mdogo wangu kabisa, tumelelewa nyumba moja, alikuwa anajidunga. Mkono ukapata jipu. Akaenda kwenye kituo cha afya, sitakitaja. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila akisogea dirishani anaambiwa subiri, na alimsikia muuguzi akimwambia mwenzake ashike vizuri pochi yake maana "teja yumo humu". Saa nane akaondoka. Usiku akalipasua jipu mwenyewe kwa wembe.

Ningependa kumlaani yule muuguzi halafu niishie hapo. Lakini mimi nilikuwa nimemtengea kikombe chake nyumbani, na jiko nikalifunga kwa kufuli. Wiki ile mkono ulipovimba mpaka begani, mimi sikujua. Nilikuwa nimekataza asije. Aliyejua ni jamaa mmoja mwelimishaji rika, teja wa zamani, aliyemwona kijiweni, akamsafisha kidonda, akampeleka hospitali nyingine na kukaa naye pale hadi akahudumiwa. Mtu ambaye si ndugu. Mkono ulipona, una kovu kubwa. Miezi kadhaa baadaye jamaa huyohuyo ndiye aliyemwingiza kwenye methadoni.

Kwa hiyo tunaposema unyanyapaa unaua, tusidhani ni maneno ya mabango. Akijua atatukanwa, haendi kutibiwa. Akijua polisi watamkamata kwa kukutwa na bomba la sindano, hatembei na la kwake, atatumia la mwenzake palepale. Na kila operesheni inapopita vijiweni watu wanahama, wahudumu wanapoteza wiki nzima kuwatafuta, na wale waliokuwa wanakunywa dawa za VVU wanakatiza dozi. Wanawake ndio wanajificha zaidi. Miaka ya mwanzo ya methadoni hapa nchini hawakufika hata mmoja kwa kila wateja kumi, kwa sababu teja wa kike anatukanwa mara mbili, kwa unga na kwa uanamke wake.

Kuna hoja kwamba ukigawa sindano unawafundisha vijana kujidunga. Hoja hii imepimwa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti mwaka 2004 na halikukuta ushahidi kwamba kugawa sindano safi kunaongeza utumiaji. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini, hakuna mtu anayeanza unga kwa sababu sindano ilikuwa bure. Cha ajabu ni kwamba hofu hiyo iliingia hata kwenye sheria za Marekani, ambao fedha zao za PEPFAR zilisaidia sana methadoni yetu lakini zilikatazwa kununua sindano. Halafu Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada ya nje, na huduma nyingi za kijamii za aina hii zikayumba. Waliotangulia kuumia ni hawa wa kuzunguka mtaani, kwa sababu posho yao mara nyingi haimo kwenye bajeti ya hospitali.

Turudi kwa yule mama. Mama yake angepaswa kupata dawa za presha kwa bei anayoimudu, na mimi nitamsindikiza kwenda kulalamika. Lakini tukimnyang'anya teja methadoni, presha ya mama haitashuka. Tutakachopata ni watu wengi zaidi wanaohitaji dawa za VVU maisha yao yote, ambazo nazo zinatolewa bure, na simu nyingi zaidi zilizoibiwa.

Sisemi mambo ni mazuri. Methadoni ni kila siku, na nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku kwa mtu asiye na kazi ni mzigo mkubwa. Mdogo wangu alipoteza kibarua cha ujenzi kwa sababu fundi alitaka watu saa moja kamili asubuhi, naye saa moja yuko kwenye foleni. Wakati wa Uviko mwaka 2020 nchi kadhaa ziliwaruhusu wagonjwa waliotulia kubeba dozi za siku kadhaa nyumbani. Kwa maoni yangu hili lingekuwa jambo la kawaida kwa waliotulia, kwa tahadhari, maana dozi hiyo akiinywa mtoto ni kifo. Shangazi naye kila Idi anamuuliza, "Utaacha lini hiyo dawa?" Hajui la kumjibu. Wengine huipunguza kidogo kidogo hadi wakaiacha, wengine wataitumia miaka mingi kama mtu wa kisukari. Shangazi mwenyewe ana kisukari.

Jambo la mwisho, na hili tafadhali lishikeni. Anayetoka jela au soba hausi yuko kwenye hatari kubwa, kwa sababu mwili umesahau unga na yeye anarudia kipimo chake cha zamani. Ukimkuta mtu amezimika, midomo ya bluu, anakoroma au hapumui, usimmwagie maji, usimnywesha maziwa. Muite kwa nguvu. Ita msaada wa kumkimbiza hospitali. Kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni, akianza kupumua mlaze ubavu asipaliwe. Hospitali useme wazi ametumia heroini, kuna dawa inaitwa naloksoni inayoiondoa heroini kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Akizinduka usimwache aende zake, nguvu ya naloksoni inaweza kuisha ndani ya saa moja hivi na akazimika tena.

Wenye uzoefu kutoka Tanga, Zanzibar na Mombasa karibuni mchangie hapo chini, hasa wanaotumia huduma hizi. Si lazima uweke jina. Matusi kwa watumiaji nitayafuta.