Je, Wajua? Migori–Homa Bay kwa Dakika 4

Kwa mstari ulionyooka, mji wa Homa Bay uko takriban kilomita 60 kaskazini mwa Migori. Matatu hupitia Rongo, kwa hiyo safari huwa ndefu kuliko hapo. Ndege kubwa ya abiria, ikishafikia mwendo wake wa kilomita 900 kwa saa, humaliza kilomita hizo 60 kwa dakika 4 tu!

Je, wajua pia kwamba Nairobi na New York zimetengana kwa takriban kilomita 11,800? Hiyo ni karibu mara 200 ya umbali wa Migori na Homa Bay. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York Oktoba 2018. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama saa 14, kwa sababu pepo kali za angani huvuma kutoka magharibi, zikiisukuma ndege inayorejea.

Mwaka 1959, mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, alifanikisha safari ya wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Umbali haukuwazuia!