Pensheni ya Mwanajeshi si Mshahara wa Shule

Ukitoka mjini Nakuru kuelekea Nairobi, hukawii kufika Lanet, ambako maafisa wa Jeshi la Ulinzi la Kenya hufunzwa. Mbele yake ni Gilgil, yenye kambi za jeshi na chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), ambako kuanzia 1984 vijana waliofuzu kuingia vyuo vikuu walipelekwa kwanza kupigishwa kwata. Shule nazo zimeota kando ya kambi: Moi Forces Academy pale Lanet, Utumishi Academy ya polisi pale Gilgil. Katika eneo kama hili, mwanajeshi mstaafu si mgeni. Wengi huvua sare wangali na nguvu, miaka mingi kabla ya umri wa 60 ambao mwalimu wa serikali hustaafu. Ndiyo maana kila wimbi la wanafunzi kuchoma mabweni likizuka nchini, hakosekani mtu wa kupendekeza wastaafu hao waingizwe shuleni wafunze gwaride, michezo na nidhamu. Pendekezo hushangiliwa, lakini ni nadra kusikia likiulizwa swali la pili: wataajiriwa na nani, na kwa masharti gani?

Sheria ina majibu zaidi ya tunavyodhani. Ibara ya 237 ya Katiba imeipa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kazi ya kusajili na kuajiri walimu, na Sheria ya TSC ya 2012 inakataza mtu asiyesajiliwa kufundisha. Mstaafu mwenye stashahada ya ualimu atapanga foleni kama wengine. Asiyekuwa nayo hawezi kupewa somo la darasani. Atachukuliwa na bodi ya shule kama mkufunzi wa gwaride au msimamizi wa bweni, na hapo ndipo mambo huanza kuendeshwa kwa mdomo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na inadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Haiulizi mfanyakazi alikuwa nani kabla ya kuajiriwa.

Pingamizi la kwanza husikika haraka: si tayari ana pensheni? Anayo, lakini ni malipo ya miaka aliyokwisha kulitumikia jeshi, na mdaiwa ni serikali. Bodi inayompunguzia mshahara kwa sababu hiyo inajilipia kwa jasho ambalo haikulinunua. Marekani, ambako wanajeshi wastaafu wamefundisha katika shule za umma chini ya JROTC, mpango wa mafunzo ya kijeshi kwa wanafunzi wa sekondari, tangu 1964, pensheni ilihesabiwa kwa miaka mingi, ila kwa namna nyingine: shule ilimwongezea mkufunzi hadi jumla ya kipato chake isipungue kile ambacho angelipwa akiwa bado jeshini, na jeshi likairudishia shule nusu ya nyongeza hiyo. Utaratibu huo ulikuwa na dosari, maana wakufunzi wawili wa kazi moja walipishana mshahara kwa sababu ya vyeo vya zamani. Lakini uliandikwa, uliweka kima cha chini, na ulimjua mlipaji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kenya ina mamia ya maelfu ya walimu waliosajiliwa wasio na ajira. Kwa nini nafasi ziende kwa mwenye kipato? Mimi naona hoja hii inadai masharti bora kwa mstaafu, wala si duni. Anayekubali nusu mshahara kwa kuwa pensheni itamfidia ndiye humfungia mlango kijana wa Njoro au Molo ambaye hana cha kumfidia. Tumeshaona kazi ya malipo duni inavyozoeleka. Walimu tarajali wapatao 46,000 walifundisha sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuajiri kwa mtindo huo. Walipopewa ajira ya kudumu mwaka 2025, TSC ilichukua tarajali wengine 20,000.

Kisha kuna kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamharamishia kila mtu kumpiga mwanafunzi au kumtesa kisaikolojia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mstaafu aliyeletwa “kunyoosha watoto” bila karatasi inayoeleza kazi yake ndiye atakayesimama kizimbani, huku waliomtuma wakijitia hamnazo. Mkataba unaotaja saa, majukumu na mipaka unamlinda mwanafunzi, na unamlinda yeye pia. Wala watu wa sare hawajawahi kudharau masharti ya kazi: Januari 1964, askari wa Kenya Rifles waliasi palepale Lanet, na mshahara ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Inabaki hesabu ya fedha. Bodi nyingi huwalipa watu wao kwa michango ya wazazi, na mzazi wa Subukia aliyevuna vibaya hawezi kuongezewa mzigo. Shule isiyoweza kumlipa mkufunzi wa siku nzima imwajiri kwa saa sita za wiki, kwa bei kamili ya saa hizo sita. Na Wizara ya Ulinzi, kama kweli inaona faida kwa vijana kujifunza gwaride, inaweza kuchangia nusu ya malipo hayo.