KITABU CHA SENTI 10 NA DAFTARI LA MAUZO

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, katika mnada wa kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas, nchini Marekani, kitabu kimoja chembamba cha hadithi za picha kiliuzwa kwa dola milioni 6. Kitabu hicho ni toleo la kwanza la Action Comics, lililotoka mwaka 1938, ambamo shujaa aitwaye Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Bei yake dukani katika siku hizo ilikuwa senti 10 tu.

Askari wengi wakisikia habari kama hii hucheka, kisha husema kwamba wenye fedha wamekosa kazi. Sisi tumeitazama kwa jicho jingine. Mtu atoaye fedha nyingi namna hiyo hakuiota bei usingizini. Ameipata kwa kusoma kumbukumbu za mauzo yaliyopita, kama vile ofisa wa upelelezi asomavyo taarifa za doria kabla ya kumshauri kamanda wake. Taarifa zikisomwa vizuri, kikosi hufika salama. Zikisomwa vibaya, watu hupotea ingawa taarifa zenyewe zilikuwa za kweli. Ndivyo ilivyo pia katika biashara hii ya komiki za zamani, na ndiyo maana tumeona inafaa kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

KWA NINI NI HABA

Komiki za zamani zilichapwa kwa karatasi duni, nazo zilikusudiwa watoto. Zilisomwa, zikakunjwa, zikapasuliwa, zikatupwa. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi wa Desemba 1941, raia waliombwa kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na komiki nyingi mno zilikwenda huko. Nyingine zilisomwa na askari makambini, zikapita mkono kwa mkono hadi zikaisha.

Mfano mmoja wapaswa kuwavutia wanajeshi. Toleo la kwanza la Captain America Comics lilitoka kabla Marekani haijaingia vitani, na juu ya jalada lake shujaa huyo anampiga Hitler ngumi ya taya. Mmoja wa wachoraji wake, Jack Kirby, baadaye alivaa sare na kupigana Ulaya kama askari wa miguu. Nakala moja safi sana ya toleo hilo iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 3.

Lakini uhaba peke yake haumwambii mtu alipe kiasi gani. Kwa hilo vyahitajika vitu viwili: daraja la kitabu na daftari la mauzo.

DARAJA KABLA YA BEI

Hapo kale kila muuzaji alisifu kitabu chake mwenyewe. Alichokiita yeye kizuri sana, mnunuzi alikiona kimechakaa, na magomvi hayakuisha. Mwaka 2000 kampuni iitwayo Certified Guaranty Company, ijulikanayo kwa kifupi kama CGC, ilianza kazi. Kazi yake ni kukagua komiki kwa niaba ya wenye mali, kuipa kila nakala daraja kati ya 0.5 na 10, kisha kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba yake ya pekee.

Ukaguzi huo hauna tofauti kubwa na ukaguzi wa bunduki katika paredi. Mkaguzi hutazama kona za jalada, mgongo wa kitabu, kutu ya pini, weupe wa karatasi, na alama za maji. Hutazama pia kama kuna mkono uliojaribu kuficha kasoro. Kitabu kilichotiwa rangi au kuzibwa matundo ili kipendeze hupewa lebo ya zambarau, nacho kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo kuliko kitabu cha lebo ya buluu ambacho hakikuguswa.

Tazameni toleo la 181 la The Incredible Hulk, la Novemba 1974, lililouzwa kwa senti 25. Hilo ni toleo maarufu, kwa kuwa ndani yake Wolverine alitokea kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza. Ndani yake pia mlichapwa stempu ndogo ya kukata na kubandika, na watoto wengi walitii, wakachukua mkasi. Leo nakala ya namna hiyo yaweza kung'aa kwa nje kama mpya, kumbe ndani ina dirisha. Thamani yake huanguka sana. Anayelinganisha bei bila kuuliza habari za stempu hiyo atalipa fedha za kitabu kizima kwa kitabu kilichokatwa.

Basi, kanuni ya kwanza ni hii: linganisha kitu na mwenziwe. Toleo moja, daraja moja, lebo ya rangi moja.

BEI ILIYOOMBWA NA BEI ILIYOLIPWA

Tangu mwaka 1970, mwongozo wa bei uliotungwa na Robert Overstreet umekuwa mkononi mwa wakusanyaji. Mwongozo huo ulileta utaratibu mahali palipokuwa na kelele. Hata hivyo, ni kitabu kitokacho mara moja kwa mwaka, na soko halingoji mwaka uishe. Siku hizi nyumba za minada huweka hadharani bei za mauzo yao, na wako watunza kumbukumbu wanaoorodhesha mauzo ya komiki zilizopewa daraja, pamoja na tarehe zake.

Hapa pana shimo ambamo wageni wengi huanguka. Muuzaji akiandika kwamba anataka dola 5,000, hiyo si bei, ni ombi. Aweza kuomba hivyo miaka kumi bila kumpata mtu. Bei ni ile iliyolipwa, fedha zikatoka mfuko huu zikaingia mfuko ule. Tena, bei itangazwayo baada ya mnada aghalabu huwa imejumuisha ada anayotozwa mnunuzi, hivyo muuzaji hapokei yote. Anayetaka kuuza asihesabu mkononi mwake fedha ambazo nyumba ya mnada itazichukua.

ZOEZI LA HESABU

Natuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Komiki fulani ya daraja 9.4 iliuzwa mara tano katika miezi ya karibuni: kwa dola 900, 950, 980, 1,010, na 1,900. Mtu mwenye haraka atajumlisha na kugawanya, apate wastani wa dola 1,148. Lakini kati ya wanunuzi watano, wanne walilipa chini ya kiasi hicho! Bei moja iliyojitenga imeuvuta wastani wote juu. Labda siku hiyo watu wawili wakaidi walishindana mnadani. Labda karatasi za nakala ile zilikuwa nyeupe kupita zote.

Msomaji mwangalifu huzipanga bei kwa mfuatano, akaichukua ile ya katikati, yaani dola 980. Kisha huuliza: bei zilifuatanaje kwa tarehe? Ikiwa 1,010 ilikuwa ya kwanza na 900 ni ya juzi, soko linashuka, na 980 ni nyingi. Ikiwa mambo ni kinyume chake, soko linapanda. Na ile ya 1,900 haitupwi kama takataka, bali huchunguzwa sababu yake, kama vile doria moja ikileta habari tofauti na doria nne.

Ugumu huja pale mauzo yanapokuwa machache. Komiki kubwa kama Action Comics namba 1 haziuzwi kila wiki. Tazameni mauzo yake. Mwezi wa Februari 2010 nakala ya daraja 8.0 iliuzwa kwa dola milioni 1. Mwezi wa Machi mwaka huohuo nakala ya daraja 8.5 ikauzwa kwa dola milioni 1.5. Mwaka 2011 ya daraja 9.0 ikafikia dola milioni 2.16, na mwaka 2014 nyingine ya daraja 9.0 ikapita dola milioni 3.2.

Asomaye juujuu atasema bei imepanda zaidi ya mara tatu katika miaka minne. Sivyo. Vitabu hivyo havikuwa vya daraja moja. Mauzo yanayolingana hapo ni ya 2011 na 2014, yote ya daraja 9.0, nayo yaonyesha ongezeko la karibu nusu ya bei ya mwanzo. Na hata hapo, nakala ya 2014 ilisifiwa mno kwa weupe wa karatasi zake, kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo huenda ni ya kitabu chenyewe wala si ya soko. Katika daraja za juu, hatua ndogo ya ubora huweza kuwa hatua kubwa ya fedha.

DAFTARI LINAPOSOMWA VIBAYA

Sasa tufike kwenye hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, magazeti ya Marekani yalijaa habari za komiki za kale zilizouzwa kwa bei za ajabu. Wananchi wengi wakafanya hesabu yao: ikiwa kitabu cha senti 10 kimeleta utajiri, basi tununue vipya kwa wingi, tuviweke, tuwasomeshee watoto. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men liliuza zaidi ya nakala milioni 8. Mwaka 1992 kikatoka kisa cha kifo cha Superman, toleo la 75 la kitabu chake, nalo likauza nakala milioni kadhaa. Wengi walilinunua likiwa ndani ya mfuko mweusi, wasiufungue kamwe.

Takwimu walizozitumia hazikuwa za uongo. Kosa lao lilikuwa kuchukua ushahidi wa kitu haba na kuupachika juu ya kitu kilichojaa kila nyumba. Kitabu cha 1938 kina thamani kwa sababu karibu vyote vilitupwa. Kitabu cha 1992 hakikutupwa na mtu. Soko likaporomoka, maduka mengi yakafungwa, na mwezi wa Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Wazazi walioweka masanduku ya komiki kuwa karo ya watoto walifungua masanduku, wakakuta karatasi.

Na ugonjwa huo hujirudia. Katika miaka ya 2020 na 2021, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, bei za komiki zilipaa. Mwezi wa Septemba 2021 nakala ya Amazing Fantasy namba 15, ambamo Spider-Man alianza, ya daraja 9.6, iliuzwa kwa dola milioni 3.6, mwaka 2011 nakala ya daraja hilohilo ilikuwa imeuzwa kwa dola milioni 1.1. Tangu mwaka 2022 bei za komiki nyingi za kawaida zimeshuka. Yeyote aliyesoma mauzo ya 2021 peke yake, akadhani ngazi hiyo haina mwisho, alinunua kileleni. Daftari hueleza jana. Halitoi amri kwa kesho.

NENO KWA NDUGU ZETU POLISI

Daftari hili lina faida nyingine kwa watu wa usalama. Mwaka 2000 nakala bora ya Action Comics namba 1 iliibwa nyumbani kwa mwigizaji wa filamu Nicolas Cage. Kwa miaka kumi na moja haikuonekana. Mwezi wa Aprili 2011 ilipatikana katika chumba cha kukodi cha kuhifadhia mizigo huko California, wataalamu wakathibitisha kuwa ndiyo ileile, na mwezi wa Novemba ikauzwa kwa hizo dola milioni 2.16 tulizozitaja hapo juu.

Mwizi wa mali mashuhuri hupata taabu mahali ambapo kila uuzaji huandikwa, maana soko zima linajua ni nakala zipi zilizopo na ziko kwa nani. Kadhalika, mpelelezi anayeandika thamani ya mali iliyoibwa asitegemee majonzi ya mlalamikaji wala ubishi wa mtuhumiwa. Atazame mauzo ya vitu vya aina na daraja hilo yaliyofanywa karibu na tarehe ya wizi.

Ndugu askari, hatuwashauri mnunue komiki. Tunalosema ni kwamba siku ya kustaafu i njiani kwa kila mmoja wetu, na siku hiyo fedha za kiinua mgongo hupata washauri wengi. Utaambiwa kwamba lori fulani kuukuu lina bei fulani, na kwamba fulani alilinunua la namna hiyo akatajirika. Uliza: magari ya aina hiyo, ya umri huo, yenye injini ya hali hiyo, yameuzwa kwa kiasi gani, lini, na mangapi? Usipokee bei iliyoombwa badala ya bei iliyolipwa. Usimfuate mtu mmoja aliyebahatika ukawaacha wanne waliolipa kidogo. Wazee wetu walikwisha kuliweka neno hilo kwa ufupi: mali bila daftari, huisha bila habari.